Vikokotoo vya hewa ukaa: vizuri kwa kutafutia, vibaya kwa kuhukumia

Kikokotoo cha hewa ukaa kinakuuliza unaishi nyumba ya aina gani, unasafiri vipi, unakula nini na unanunua nini, kisha kinakupa jumla: tani kadhaa za gesijoto (hewa ukaa, methani na nyingine zinazopasha dunia joto) kwa mwaka, zote zikiwa zimeandikwa jina lako. Vikokotoo hivi ni vingi, karibu vyote ni vya bure, na kwa watu wengi ndivyo mlango wa kwanza wa kuingilia utetezi wa mazingira. Kwa hiyo vinastahili kukaguliwa kama kifaa kingine chochote: vinapima nini, vinakosea wapi, na mtu akishavitumia anabaki na kazi gani mkononi.

Tunavipendekeza, kwa sharti moja. Jumla inayotokea mwishoni ndiyo yenye thamani ndogo kuliko vyote vilivyomo. Thamani iko katika mistari ya ndani, na zaidi katika ile inayokataa kushuka hata ukibadilisha kila jibu. Mistari hiyo ni maamuzi yanayofanywa na taasisi kwa niaba yako: kampuni ya umeme, halmashauri ya mji, mwajiri, mfuko wa pensheni, wizara. Vikokotoo vingi huifunika, na hapo ndipo lawama yetu kubwa ilipo.

Wazo lenyewe la nyayo, yaani alama ambayo matumizi ya watu huiacha kwenye mazingira, lilianzia chuoni. William Rees na Mathis Wackernagel wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walilikuza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili kupima eneo la ardhi na maji linalohitajika kulisha matumizi ya mji au nchi nzima. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya mafuta ya BP iliieneza dhana ya nyayo za kaboni za mtu mmoja mmoja kwa kampeni kubwa ya matangazo na kikokotoo chake cha mtandaoni. Historia hiyo haibatilishi hesabu. Lita moja ya petroli hutoa hewa ukaa ileile, awe anayeipima ni mwanachuo au muuza mafuta. Ila imeacha alama katika maswali. Unaulizwa unatumia uniti ngapi za umeme. Huulizwi ni nani aliyeamua umeme huo uzalishwe kwa makaa ya mawe.

Andaa tarakimu kabla ya kufungua ukurasa

Majibu mengi huharibika kabla ya swali la kwanza. Mtu anafungua kikokotoo bila karatasi yoyote mbele yake, anakadiria kwa kumbukumbu, na pale asipojua anaacha jibu lililowekwa awali. Majibu hayo ya awali kwa kawaida ni wastani wa nchi au mkoa, kwa hiyo anachosoma mwishoni ni wastani huo ukiwa umebandikwa jina lake.

Unahitaji uniti za umeme za miezi 12 mfululizo, si za mwezi mmoja, kwa sababu msimu wa joto au wa baridi unaweza kuongeza matumizi maradufu. Unahitaji kilo za gesi au lita za mafuta ya kupikia na kupashia nyumba joto. Kama kuna gari, chukua masomo mawili ya mita ya kilomita yaliyopishana miezi kadhaa, uzidishe hadi ufikie mwaka. Safari za ndege ziorodheshwe moja moja, pamoja na vituo vya kubadilishia ndege na daraja la kiti. Andika idadi ya watu wanaoishi nyumbani. Kwa manunuzi, orodhesha vitu vizito tu: friji, simu, kompyuta, samani. Soksi na vitabu havitabadilisha kitu.

Kisha hakiki kwa mkono mistari mikubwa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Dizeli, kilo 2.7; kilo moja ya gesi ya mitungi, kilo 3. Gari linalokwenda kilomita 12,000 kwa mwaka na kula lita 8 kwa kila kilomita 100 linatumia lita 960, yaani takriban tani 2.2. Kikokotoo kikikupa 2.7, huenda kimejumlisha gesi zinazotoka wakati wa kuchimba, kusafisha na kusafirisha mafuta, na hilo ni jambo jema. Kikikupa 1.4, kimedhani gari lako ni dogo kuliko lilivyo. Rudi uangalie swali la ulaji wa mafuta. Angalia pia kama kimeuliza mnakuwa wangapi ndani ya gari. Vingi haviulizi, na mtu anayebeba wenzake watatu kila siku anaandikiwa mzigo wa wote wanne.

Anayetaka vigezo vya kuzidishia vilivyo wazi, serikali ya Uingereza huchapisha jedwali lake kila mwaka, bure, likiwa na mafuta, umeme, mabasi, treni, ndege, mizigo na taka. Vigezo vya umeme vya humo ni vya gridi ya Uingereza, kwa hiyo visichukuliwe kutumiwa kwingine. Vya kuungua kwa mafuta vinafaa karibu popote, kwa sababu kemia ya petroli haijui mipaka ya nchi.

Mstari wa umeme, na kwa nini ndio unaofundisha zaidi

Chukua nyumba inayotumia uniti 150 kwa mwezi, yaani 1,800 kwa mwaka. Ikiwa gridi inategemea makaa ya mawe, kila uniti hubeba karibu kilo 0.9 za hewa ukaa au zaidi, na jumla inakaribia tani 1.6. Ikiwa gridi inaendeshwa kwa maji, upepo au jua, kila uniti hubeba gramu makumi tu, na jumla haifiki tani 0.1. Familia ni ileile, friji ileile, taa zilezile, watoto walewale wanaosahau kuzima. Tofauti ya tani 1.5 imetokana na mikataba ya ujenzi wa mitambo iliyotiwa saini na watu wengine, pengine miaka 20 au 30 iliyopita.

Sasa ilinganishe na kubadilisha balbu. Uchambuzi wa watafiti Seth Wynes na Kimberly Nicholas, uliochapishwa mwaka 2017 kwa kutumia tarakimu za nchi zenye kipato kikubwa, uliweka akiba ya balbu bora kuwa takriban tani 0.10 kwa mwaka. Balbu ibadilishwe, hata hivyo, kwa kuwa inapunguza bili na inapunguza pia mahitaji ambayo mtambo mpya ungejengwa kuyajibu. Lakini kikokotoo kinachoweka ushauri wa balbu chini ya mstari wa umeme, bila kukuambia gridi yako inatumia nini na mpango wake wa uzalishaji unapitiwa lini, kimekupa sehemu ndogo kuliko zote ya jibu.

Jaribio la kushusha hadi chini

Hiki ndicho kipimo tunachokitumia kukitathmini kikokotoo chochote, na mtu yeyote anaweza kukifanya kwa dakika kumi. Jaza majibu yako ya kweli, uhifadhi matokeo. Kisha jaza upya kana kwamba huna gari, huruki, huli nyama, hununui kitu kipya na unaishi katika chumba kidogo. Jumla itakayobaki ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini.

Mwaka 2008 darasa la chuo cha MIT lililoongozwa na Timothy Gutowski lilikadiria uzalishaji wa watu wa mitindo mbalimbali ya maisha nchini Marekani. Hata asiye na makazi, anayelala katika vituo vya hifadhi na kula kwenye majiko ya misaada, alihesabiwa takriban tani 8.5 kwa mwaka, wakati wastani wa Mmarekani ulikuwa karibu tani 20. Sababu ni kwamba barabara, polisi, mahakama, jeshi, hospitali na majengo ya serikali hugawanywa kwa kila mwananchi. Hakuna kiasi cha kujinyima kinachoweza kushuka chini ya sakafu hiyo. Aliyeijenga ni bunge, bajeti na idara za ununuzi, na ni huko tu inakoweza kushushwa.

Kikokotoo cha Global Footprint Network, shirika ambalo Wackernagel ni mmoja wa waanzilishi wake, kinastahili sifa kwa kulieleza hili waziwazi. Matokeo yake yana sehemu ya maisha ya mtu na sehemu ya huduma za jamii, na maelezo yake yanasema kwamba katika baadhi ya nchi huwezi kufikia kiwango cha dunia moja (maisha ambayo, kila mtu akiyaishi, dunia hii moja ingetosha) kwa kubadilisha majibu tu. Udhaifu wake ni kipimo chenyewe: hekta, idadi ya dunia ambazo zingehitajika na tarehe ya mwaka ambayo rasilimali zingekwisha kama wote wangeishi kama wewe vinavutia macho, lakini mtu hawezi kwenda navyo kwa mkurugenzi wa fedha na kumwambia abadilishe mkataba upi. Kwa kazi hiyo tani ni bora.

CoolClimate cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kina uchambuzi mpana zaidi wa nyumba, usafiri, chakula, bidhaa na huduma. Kimetengenezwa kwa kaya za Marekani, na anayekitumia kutoka nchi nyingine anaazima wastani wa Marekani bila kujua.

Makosa yanayojirudia

La kwanza ni kuhesabu kwa fedha. Vikokotoo vingi hukuuliza umetumia kiasi gani kwa nguo au vifaa, kisha huzidisha fedha hiyo kwa kigezo. Anayenunua jozi moja ya viatu vya gharama vitakavyodumu miaka minane anaonekana mchafuzi kuliko anayenunua jozi tatu duni kila mwaka. Bei zikipanda, uzalishaji wako nao unapanda kwenye skrini bila chochote kubadilika angani. Njia hii inafaa kwa makadirio ya taifa zima; kwa kaya moja inapotosha. Ukipewa nafasi ya kujaza idadi au uzito, jaza hivyo.

La pili ni ndege. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lina kikokotoo makini kinachozingatia njia, aina ya ndege na daraja la kiti, lakini kinahesabu hewa ukaa pekee. Mistari ya mawingu inayoachwa na ndege na oksidi za nitrojeni zinazotoka juu huko nazo hupasha dunia joto. Hesabu zinazozijumuisha huzidisha hewa ukaa kwa takriban 1.7 hadi 2. Ndiyo maana safari ileile inaweza kuonekana tani moja hapa na karibu tani mbili pale. Kabla ya kulinganisha, tafuta kama kizidisho kimetumika.

Halafu kuna kuchanganya hewa ukaa peke yake na gesijoto zote. Wastani wa dunia kwa mtu ni karibu tani 4.7 ukihesabu hewa ukaa ya nishati na viwanda, na unapita tani 6 ukiongeza methani na nyinginezo. Mtu mwenye tani 5.5 atapongezwa na kikokotoo kimoja na kukemewa na kingine. Methani yenyewe hugeuzwa kwa kipindi cha miaka 100, ambapo tani moja ni sawa na takriban tani 27 hadi 30 za hewa ukaa. Kwa miaka 20 inapita 80. Nyama ya ng'ombe na gesi inayovuja huonekana ndogo kwa kipindi kirefu kuliko athari yake katika miongo miwili ijayo.

Mwisho ni mpangilio wa ushauri, na kwetu hili ni zito. Katika uchambuzi uleule wa Wynes na Nicholas, kuishi bila gari kuliokoa tani 2.4 kwa mwaka, kuepuka safari moja ya kwenda na kurudi ng'ambo ya Atlantiki tani 1.6, na kula vyakula vya mimea tani 0.8. Kutenganisha taka ili zirejelezwe: 0.21. Kufua kwa maji baridi: 0.25. Wawili hao walipopitia vitabu vya sekondari vya Kanada na miongozo ya serikali kadhaa, walikuta hatua ndogo ndizo zinazotajwa zaidi. Vikokotoo vingi vimerithi tabia hiyo. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, lakini balbu, maji baridi na taka kwa pamoja hazifikii tani 0.6, na mtu aliyezikamilisha zote anaambiwa hongera.

Hongera hiyo ina gharama. Utafiti wa Seth Werfel uliofanywa nchini Japani baada ya msukosuko wa nishati uliofuata ajali ya nyuklia ya Fukushima ya 2011, na kuchapishwa mwaka 2017, uliwauliza baadhi ya watu waorodheshe hatua zao za kuokoa umeme kabla ya kuulizwa kuhusu kodi ya kaboni. Waliokumbushwa juhudi zao waliiunga mkono kodi hiyo kwa kiwango kidogo kuliko wasiokumbushwa. Kikokotoo kinachomaliza kwa nishani kinaweza kumfanya mtu aone zamu yake imekwisha.

Kitufe cha kulipia fidia

Usikibonyeze. Vikokotoo vingi, hasa vya kampuni zinazouza safari, huweka pembeni ya jumla yako nafasi ya kulipa ili tani zako zifutwe. Fedha huenda kwenye misitu, majiko sanifu au mitambo ya umeme, na unapewa hati. Ili tani ifutwe kweli, upungufu usingetokea bila fedha hiyo, udumu kwa muda ambao hewa ukaa inakaa angani, usihamishie ukataji miti kwenye msitu wa jirani, na usihesabiwe mara mbili na nchi ulikotokea. Mwaka 2016 taasisi ya Öko-Institut ya Ujerumani ilichambua miradi ya mfumo wa Maendeleo Safi wa Umoja wa Mataifa na kuona kuwa asilimia 85 ya miradi iliyoangaliwa ilikuwa na uwezekano mdogo wa kutimiza hilo la kwanza bila pia kukuza hesabu ya upungufu wenyewe. Miti nayo huchukua miongo kukua, wakati mafuta ya ndege yako yameungua siku ileile. Ukitaka kuchangia msitu, changia, bila kuondoa tani hizo kwenye hesabu yako.

Je, basi ni kazi ya makampuni pekee?

Hapana, na wanaovikataa vikokotoo kwa hoja hiyo nao husoma tarakimu vibaya. Ripoti ya Carbon Majors ya mwaka 2017 ilihusisha wazalishaji 100 wa mafuta, gesi na makaa ya mawe na asilimia 71 ya gesijoto za viwandani tangu 1988. Mara nyingi hunukuliwa kana kwamba mabomba ya viwanda vyao ndiyo yaliyotoa yote hayo. Karibu asilimia 90 ya gesi walizohesabiwa hutoka pale wateja wanapochoma mafuta, gesi na makaa waliyonunua. Tena wengi katika orodha hiyo ni mashirika ya serikali, na makaa ya mawe ya China yamehesabiwa kama mzalishaji mmoja. Tani yako ya petroli na tani ya kampuni ni tani ileile ikitazamwa kutoka ncha mbili. Ndiyo maana kumtafuta mkosaji mmoja hakuisogezi kazi mbele. Swali lenye faida ni ncha ipi ina mkono wa kugeuza, na kwa kiasi gani.

Mwaka 2020 ulitupa jibu la kiasi. Mapema Aprili, dunia ikiwa imefungiwa ndani, uzalishaji wa hewa ukaa kwa siku ulishuka kwa takriban asilimia 17 ukilinganishwa na wastani wa 2019. Kwa mwaka mzima upungufu ulikuwa kati ya asilimia 5 na 6 hivi. Mabilioni ya watu waliacha kusafiri, lakini mitambo, tanuru za saruji na za chuma ziliendelea. Upande mwingine, ripoti ya 2022 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilikadiria kuwa mabadiliko upande wa matumizi yanaweza kupunguza asilimia 40 hadi 70 ya gesijoto ifikapo 2050, ikiwa sera, miundombinu na teknolojia vitayawezesha. Sharti hilo ndilo uti wa mgongo wa sentensi nzima. Mtu hapandi treni ambayo haijajengwa.

Tazama ilivyokwenda kwa tabaka la ozoni. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walichapisha onyo lao kwamba gesi za CFC, zilizotumika kwenye makopo ya kupuliza na friji, zinaliharibu tabaka hilo. Wanunuzi wengi Marekani waliacha makopo ya kupuliza, na hilo lilionyesha kuwa soko linaweza kuishi bila gesi hizo. Mwaka 1978 Marekani ikazipiga marufuku katika matumizi mengi ya makopo hayo. Lakini hakuna mnunuzi aliyeweza kuchagua gesi ya ndani ya friji yake, povu la magodoro, au kemikali ya kusafishia vifaa vya kielektroniki. Ilihitajika Itifaki ya Montreal ya 1987, yenye ratiba, mfuko wa kusaidia nchi maskini na vizuizi vya biashara kwa waliobaki nje. Leo karibu asilimia 99 ya kemikali hizo zimeondolewa, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yameongeza gesi mbadala zilizogundulika kupasha dunia joto. Wanunuzi walifungua mlango; mkataba ndio uliopitisha mzigo.

Kuyageuza matokeo kuwa ombi

Hapa ndipo vikokotoo vyote tulivyovitaja vinakuacha peke yako, kwa hiyo chora safu tatu kwenye karatasi. Ya kwanza ni mistari unayoweza kuibadilisha mwenyewe mwaka huu. Ya pili ni ile unayoweza kuibadilisha mtu mwingine akibadilisha kitu kwanza: mwenye nyumba, mwajiri, idara ya usafiri. Ya tatu ni isiyosogea. Kwa kila mstari wa safu ya pili na ya tatu andika mambo matatu: nani anatia saini, uamuzi umeandikwa katika hati gani, na hati hiyo inapitiwa lini. Mkataba wa ununuzi wa umeme, kanuni za safari za kikazi, mwongozo wa zabuni, sera ya uwekezaji ya mfuko wa pensheni, kanuni za ujenzi, mpango wa barabara. Bila tarehe ya mapitio, ombi lako litafika mkataba umeshasainiwa kwa miaka mitano.

Anza na taasisi ambayo wewe ni mwanachama, mfanyakazi au mlipaji wake. Barua yako ina uzito zaidi pale. Chukua mfano wa kanuni ya safari. Mwajiri anayewarusha watu 50 mara moja kwa mwaka kwenye mkutano wa ng'ambo, kila safari tani 1.6, akiuhamishia mtandaoni anaokoa tani 80. Kwa tarakimu zilezile za urejelezaji, ni sawa na watu 380 kutenganisha taka mwaka mzima. Na uamuzi huo unahitaji saini moja.

Barua isizidi ukurasa mmoja: hali ilivyo kwa tarakimu, badiliko moja linaloombwa, kifungu cha hati kinachobadilika na maneno mapya yanayopendekezwa, gharama na akiba, na tarehe ya kujibiwa. Iwe na majina kutoka idara zaidi ya moja, na awepo mtu wa fedha au ununuzi. Omba iingizwe kwenye ajenda na muhtasari wa kikao, kwani jibu la mdomo haliachi pa kushika.

Maombi mengi hufa kwa sababu zinazofanana. Lililo jumla mno, kama "tuwe rafiki wa mazingira", hujibiwa kwa bango na siku ya kupanda miti. Lililopelekwa kwa kamati ya mazingira isiyo na bajeti hupongezwa na kuwekwa kabatini. Lenye mambo kumi hutekelezwa lile jepesi kuliko yote. Na ahadi ya sifuri halisi (kutotoa gesijoto zaidi ya zinazoondolewa angani) ifikapo 2050 isiyo na lengo la miaka mitano ijayo haimbani yeyote aliyeko madarakani leo.

Safu ya kwanza nayo isiachwe, kwa sababu ndiyo inayokupa sauti. Utafiti wa Gordon Kraft-Todd na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu kampeni ya kufunga paneli za jua Marekani, ulionyesha kuwa wahamasishaji waliofunga paneli kwenye nyumba zao waliwashawishi watu wengi zaidi kwa asilimia 62.8 kuliko wasiofunga. Wala usidhani uko peke yako: uchunguzi wa nchi 125 uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta asilimia 89 ya watu wakitaka serikali zao zifanye zaidi, na pia kwamba watu hukadiria utayari wa wenzao chini ya ulivyo.

Taasisi ikikataa kabisa, kuna mahakama, ingawa ni njia ndefu. Wakfu wa Urgenda na raia 886 waliishtaki serikali ya Uholanzi mwaka 2013. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo ilithibitisha amri ya kupunguza gesijoto kwa angalau asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020 ukilinganisha na 1990. Aprili 2024 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwa faida ya chama cha wanawake wazee dhidi ya Uswisi, huku madai ya wanachama wanne walioshtaki kwa majina yao binafsi yakikataliwa. Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Uholanzi iliondoa amri iliyoitaka kampuni ya mafuta ya Shell ipunguze gesijoto zake kwa asilimia 45, ikisema kampuni ina wajibu lakini mahakama haiwezi kuipangia asilimia. Anayefikiria njia hii aanze na chama, si na jina lake binafsi.

Kikokotoo cha taasisi

Ombi lako likikubaliwa, taasisi itatoa hesabu yake, kwa kawaida kwa kufuata mwongozo wa GHG Protocol, ambao hugawa gesijoto katika mawanda matatu: zinazotoka kwenye mitambo na magari yake, zinazotokana na umeme inaonunua, na nyingine zote za wauzaji, wateja, safari na uwekezaji wake. Sehemu ya tatu ndiyo kubwa kwa taasisi nyingi na ndiyo inayoachwa kwanza. Uliza imejumuisha vipengele vipi vya wanda hilo, na imeacha vipi kwa sababu gani. Uliza mwaka wa msingi ni upi. Baadhi huchagua mwaka wenye uzalishaji wa juu usio wa kawaida ili punguzo lionekane kubwa. Kwa umeme, omba tarakimu mbili, ya gridi halisi na ya mikataba ya ununuzi, kwani taasisi inaweza kununua vyeti vya nishati jadidifu na kuandika sifuri wakati mita inazunguka vilevile. Na kama imeuza jengo au imehamishia magari kwa mkandarasi, omba mwaka wa msingi uhesabiwe upya kwa mipaka mipya kabla ya kukubali kwamba chochote kimepungua.